Hakuna Kilichotokea: Kuhusu Sehemu za Tamthilia Zinazokwenda Polepole

Malalamiko ambayo watazamaji wa tamthilia za televisheni huyarudia sana ni kwamba sehemu ya wiki hii imepita na hakuna kilichotokea. Hayasemwi kuhusu sehemu iliyoigizwa vibaya, wala kuhusu ile ambayo muswada wake umejaa makosa. Husemwa kuhusu sehemu iliyowaweka wahusika wawili au watatu mahali pamoja, ikawaacha wazungumze, wanyamaze, wagombane na kupatana, kisha ikawarudisha karibu pale pale walipokuwa. Upande wa pili huwapo watu ambao kwao sehemu ile ile ni bora kuliko zote za msimu mzima. Pande hizo mbili hutofautiana kana kwamba hazikutazama kitu kimoja. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na ningependa kulieleza kwa mfano ninaoujua vizuri. Itanibidi nitaje mambo makubwa yanayotokea katika tamthilia kadhaa, kwa hiyo anayekusudia kuzitazama bila kujua kitakachotokea asisome zaidi ya hapa.

Mfano wenyewe ni “Fly”, sehemu ya 10 ya msimu wa tatu wa Breaking Bad, iliyorushwa na kituo cha AMC nchini Marekani tarehe 23 Mei 2010. Tamthilia hii ina sehemu 62, na katika alama ambazo watazamaji huzitoa kwenye tovuti ya IMDb, “Fly” imekaa mkiani kwa miaka mingi. Muhtasari wake hauzidi sentensi moja: Walter White, mwalimu wa kemia aliyegeuka mtengenezaji wa dawa za kulevya, anamwona nzi ndani ya maabara iliyofichwa chini ya kiwanda cha kufulia nguo, anakataa kuendelea na kazi hadi nzi huyo auawe, na yeye na mshirika wake Jesse Pinkman wanatumia saa nyingi kumsaka. Hakuna anayepigwa risasi. Polisi hawatokei. Bwana wa biashara ile, Gus Fring, ambaye watazamaji walikuwa wakimngojea kwa hofu, hayupo. Vince Gilligan, aliyeibuni tamthilia hii, ameeleza waziwazi kwamba chanzo kilikuwa fedha: matumizi ya msimu yalikuwa yamepita bajeti, ikalazimu kutengeneza sehemu moja ya gharama nafuu, ndani ya seti iliyokwisha kujengwa, kwa waigizaji wachache.

Habari hiyo ya bajeti imekuwa hoja kuu ya wanaoilalamikia “Fly”. Husema kwamba kama ilitengenezwa ili kuokoa fedha, basi ni sehemu ya kujazia nafasi, na mtazamaji anaweza kuiruka bila kupoteza chochote. Siikubali hoja hii. Sababu iliyofanya kitu kitengenezwe haituambii thamani ya kilichotengenezwa, na katika sanaa ya televisheni, ambayo tangu mwanzo imeendeshwa kwa ratiba na hesabu za fedha, karibu kila uamuzi mzuri una uhaba fulani nyuma yake. Upungufu wa fedha uliwanyima waandishi Sam Catlin na Moira Walley-Beckett milipuko, misafara ya magari na jangwa. Walichobaki nacho ni watu wawili ndani ya chumba kisicho na dirisha, na jambo moja ambalo mmoja analijua na mwingine halijui.

Jambo hilo lilionyeshwa mwaka mmoja kabla, katika sehemu ya 12 ya msimu wa pili. Walter aliingia chumbani kwa Jesse usiku, akamkuta Jesse na mpenzi wake Jane wamelala baada ya kujidunga heroini. Jane aligeuka chali, akaanza kutapika na kupaliwa na matapishi yake. Walter angeweza kumgeuza ubavu kwa mkono mmoja. Alisogea kana kwamba atafanya hivyo, kisha akasita, akasimama akimtazama hadi akafa, kwa kuwa Jane alikuwa anajua siri zake na alikuwa akimtishia. Jesse aliamka asubuhi akaamini kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo kile, na tangu siku hiyo ameishi na hatia isiyokuwa yake. Mtazamaji anayajua haya yote. Anajua pia kwamba Walter hajamwambia mtu yeyote.

Sasa turudi maabara. Mwanzoni Jesse anamshangaa mwenzake, na ana haki ya kumshangaa: mtu mzima wa miaka 50, msomi, anajitengenezea kifaa cha kuulia nzi, anapanda juu, anaanguka kwa kishindo na kuumia kwa sababu ya mdudu. Kisha Jesse anaanza kuhofu. Anamsimulia habari za shangazi yake aliyekuwa na saratani. Mnyama mdogo alikuwa ameingia chini ya nyumba yao, akatolewa, lakini shangazi akaendelea kusisitiza kwamba yumo, hata ikaja kujulikana kwamba ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ubongo. Ni simulizi ndefu, na inapita kwenye vichekesho kabla ya kufika inakokwenda. Nakumbuka watazamaji waliitaja kama ushahidi wa sehemu kupoteza muda. Lakini Jesse anauliza swali ambalo hawezi kuliuliza moja kwa moja: je, saratani yako imerudi? Kijana huyu, ambaye Walter amemdanganya na kumtumia kwa misimu mitatu, ana wasiwasi na afya ya Walter kama mtoto anavyokuwa na wasiwasi na afya ya mzazi. Upendo huo haukuwa umeonyeshwa waziwazi namna hii kabla ya hapo, na bila huo kinachofuata hakimchomi mtu.

Jesse anatia vidonge vya usingizi katika kahawa ya Walter ili apumzike. Dawa inapoanza kufanya kazi, ulimi wa Walter unalegea. Anaanza kueleza kwamba aliishi kupita wakati wake. Kulikuwa na saa moja kamili ambayo angekufa na mambo yote yakawa sawa, baada ya kupata fedha za kutosha kuiachia familia na kabla mke wake Skyler hajaanza kuugundua uongo wake. Anaitafuta saa hiyo kwa sauti, akizipitia siku moja moja, akiikataa hii na ile, mpaka anaifikia: usiku mmoja alipokuwa nyumbani, akimsikia mkewe kupitia chombo cha kusikilizia mtoto akimwimbia binti yao mchanga. Angeishi hadi pale na si sekunde zaidi. Mtazamaji makini anashtuka kwa sababu anautambua usiku huo. Ni usiku ambao Jane alikufa. Walter alitoka nyumbani kwenda kununua nepi, akaketi baa pamoja na mtu asiyemjua, akaja kugundua baadaye kwamba alikuwa baba yake Jane, kisha akaelekea nyumbani kwa Jesse.

Habari ya kukutana na baba yake Jane anamwambia Jesse. Anashangazwa na bahati ile, anasema amejaribu hata kukokotoa uwezekano wake, watu wawili kukutana namna hiyo katika mji mzima. Hapo ndipo ninapohisi kifua kinabana kila ninapoitazama sehemu hii, kwa sababu kila sentensi inamsogeza kwenye tamko moja tu lililobaki. Wakati huo Jesse yuko juu ya ngazi inayoyumba, akimwinda nzi, na Walter aliyelewa usingizi ndiye anayeishika isianguke. Walter anamwambia kwamba anasikitika kwa ajili ya Jane. Jesse anamjibu kwa ukarimu unaoumiza: anamwambia kwamba halikuwa kosa lake. Sentensi moja zaidi, na kila kitu kingebadilika. Kuna uwezekano Jesse angemuua palepale. Kuna uwezekano angeondoka, na misimu miwili iliyobaki isingekuwapo. Walter anaiacha sentensi hiyo kooni, anamwambia Jesse ashuke waachane na nzi, na karibu wakati huohuo Jesse anampiga nzi na kumuua, huku Walter akizama usingizini.

Hayo ndiyo yanayoitwa kutotokea kwa kitu. Mimi nadhani mgogoro wote unatokana na namna tunavyohesabu matukio. Mtazamaji mmoja huhesabu tukio pale hali ya nje inapobadilika: mtu amekufa, mtu amekamatwa, fedha zimeibiwa. Kwa hesabu hiyo “Fly” ni tupu, na anayesema hivyo hasemi uongo. Mwingine huhesabu pia yale ambayo mhusika angeweza kuyafanya na hakuyafanya, na kwake kunyamaza kwa Walter ni tukio zito kama risasi. Kosa la waandishi wengi wa makala za uhakiki, kwa maoni yangu, ni kumdharau mtazamaji wa kwanza na kumwita mvivu. Watu wanaofuatilia tamthilia kwa miaka hawana uvivu. Wengi wao wanaweza kukutajia ni gari gani lilipita katika sehemu gani. Wamezoeshwa tu na tamthilia yenyewe kuhesabu kwa namna moja, kisha wiki moja tamthilia ikabadilisha namna ya kuhesabu bila kuwaambia.

Kilichonifanya niandike makala hii, hata hivyo, kilikuja miaka mitatu baada ya “Fly”. Tarehe 15 Septemba 2013 ilirushwa “Ozymandias”, sehemu ya 14 ya msimu wa tano, ambayo watazamaji wale wale wa IMDb waliipa alama kamili za 10 kwa 10 na kuidumisha pale kwa miaka mingi. Ni sehemu isiyo na pumzi: shemeji yake Walter anauawa jangwani, fedha zinachukuliwa, familia inavunjika kwa kisu, mtoto anabebwa na kurudishwa. Lakini karibu na mwanzo wake, Jesse anapokuwa amekamatwa na anakaribia kupelekwa kuteswa, Walter anamsogelea na kumwambia kwamba alimtazama Jane akifa, kwamba angeweza kumwokoa na hakumwokoa. Ndiyo sentensi ile ile iliyobaki kooni kule maabara. Kule nusura aitoe kwa majuto, akiwa amelewa usingizi, kwa kijana aliyekuwa anamhurumia. Huku anaitoa akiwa macho makavu, kama silaha ya mwisho, kwa kijana yule yule ambaye sasa anataka aumie kadiri inavyowezekana.

Sehemu zote mbili ziliongozwa na Rian Johnson. Moira Walley-Beckett, mmoja wa waandishi wawili wa “Fly”, ndiye aliyeandika “Ozymandias” peke yake, na mwaka 2014 akashinda tuzo ya Emmy kwa uandishi huo. Sehemu inayochukiwa kuliko zote na ile inayopendwa kuliko zote zimetoka mikononi mwa mwandishi yule yule na mwongozaji yule yule, na ya pili inalivuna jambo lililopandwa katika ya kwanza. Mtu aliyeiruka “Fly” atalisikia tamko la Walter katika “Ozymandias” na kushtuka, bila shaka. Lakini hatajua kwamba kulikuwa na usiku ambao maneno hayo yangeweza kuwa toba, na kwa hiyo hatapima ni umbali gani mtu huyu ameanguka.

Baada ya kusema hayo yote, nataka kuwatetea walalamikaji kwa uzito ule ule, kwa sababu wana haki zaidi ya wanavyopewa. Fikiria kwamba mwaka huo huo wa 2010, kituo hicho hicho cha AMC kilirusha “The Suitcase”, sehemu ya 7 ya msimu wa nne wa Mad Men, tarehe 5 Septemba, miezi mitatu na nusu baada ya “Fly”. Ukiziweka pamoja, zinafanana kwa namna inayoshangaza. Watu wawili, mkuu wa kazi na msaidizi wake mwenye umri mdogo, wanabaki mahali pa kazi usiku kucha. Kazi inayowashikilia ni kisingizio: kule ni nzi, huku ni tangazo la masanduku ya kusafiria. Mkubwa amebeba kifo cha mwanamke. Don Draper anajua kwamba Anna, mtu pekee aliyemjua kwa ukweli wake, yu mahututi huko California, na kwa usiku mzima anakwepa kupiga simu atakayojibiwa kwamba amekwisha kufa. Peggy Olson anaikosa karamu ya siku yake ya kuzaliwa, anaachana na mchumba wake kwa simu, wanagombana, wanakula, wanakunywa, wanasimuliana habari za baba zao. Hakuna zaidi ya hayo. Na “The Suitcase” ilipokewa kwa sifa karibu pande zote, hata leo hutajwa miongoni mwa sehemu bora za tamthilia ile.

Kwa nini basi moja ilalamikiwe na nyingine isifiwe? Ubora hauwezi kuwa maelezo yote, kwa kuwa zote mbili zimeandikwa na kuigizwa kwa kiwango cha juu. Jibu langu ni kwamba kila tamthilia huweka ahadi na mtazamaji wake tangu sehemu ya kwanza. Mad Men iliahidi ofisi, maneno na ukimya, kwa hiyo usiku mrefu wa maneno na ukimya ulikuwa utimizaji wa ahadi hiyo kwa kiwango cha juu kabisa. Breaking Bad iliahidi hatari inayoongezeka. Ilimfundisha mtazamaji kukaa ukingoni mwa kiti, ikambakizia sehemu 4 tu katika msimu wa sehemu 13, na katika moja kati ya hizo ikampa nzi. Aliyekasirika alikuwa anadai alichoahidiwa. Kwamba alipewa kitu kingine chenye thamani hakuondoi ukweli kwamba hakupewa kile.

Na alikuwa amekingojea wiki nzima. Hili ni jambo ambalo wanaotazama leo hulisahau kwa urahisi. Mwaka 2010 mtu alisubiri kutoka Jumapili hadi Jumapili, akatazama “Fly”, kisha akasubiri tena siku 7 kabla ya kujua hadithi inaelekea wapi, kwa hiyo kwake nzi yule alichukua majuma mawili. Anayetazama msimu wote kwa mfululizo siku hizi hukutana na sehemu hiyo kama mapumziko kati ya mbio mbili, anapumua, na baada ya dakika chache yuko katika sehemu ya 11. Naamini hii ndiyo sababu kubwa ya hukumu juu ya “Fly” kuwa laini zaidi miongoni mwa waliokuja baadaye. Sehemu haikubadilika hata picha moja. Kilichobadilika ni gharama ambayo mtazamaji anailipa ili kuifikia na kuivuka.

Ipo pia sehemu ya polepole ambayo malalamiko juu yake yalikuwa ya haki kabisa, na ningekuwa mkosefu wa uaminifu kama nisingeitaja. Katika msimu wa tatu wa Lost, tarehe 21 Februari 2007, kituo cha ABC kilirusha “Stranger in a Strange Land”. Tamthilia ile ilikuwa na desturi ya kuchukua mhusika mmoja kila wiki na kurudi katika maisha yake ya zamani, na zamu hii ilikuwa ya daktari Jack Shephard, akiwa Thailand, ambako anakutana na mwanamke anayemchora chale za rangi mkononi. Chale zenyewe zilikuwa za mwigizaji Matthew Fox, alikuwa nazo kabla ya tamthilia, na waandishi wakaamua kuzipa historia. Tatizo ni kwamba hakuna mtazamaji aliyekuwa amebeba swali hilo moyoni. Tunaambiwa chale zilitoka wapi, na tukishaambiwa, Jack anabaki Jack yule yule, hajakabiliwa na uamuzi uliomgharimu kitu, hajaficha neno ambalo tunaogopa litamtoka. Damon Lindelof, mmoja wa waliokuwa wakiiongoza Lost, ameitaja sehemu hii kama ushahidi aliokuwa nao mbele ya kituo kwamba hadithi isiyo na tarehe ya mwisho italazimika kujivuta namna hii, na Mei mwaka huo huo ABC ikatangaza kwamba tamthilia ingekoma mwaka 2010. Hapa walalamikaji walisoma alama za nyakati sawasawa na watengenezaji wenyewe. (Sehemu ya mwisho kabisa ya Lost, kwa njia, ilirushwa usiku ule ule wa tarehe 23 Mei 2010 ambao AMC ilirusha “Fly”.)

Kwa hiyo sisemi kwamba upole wa mwendo ni sifa. Tofauti ya “Fly” na ile ya chale ni kwamba ya kwanza inamweka mhusika karibu na jambo ambalo hawezi kulirudisha akishalifanya, na ya pili inatupa taarifa juu yake. Taarifa tunaweza kuipata kwa sentensi mbili. Ukaribu wa hatari ya ndani unahitaji muda, kwa kuwa mtu haanzi mazungumzo akiwa tayari kusema neno ambalo litamwangamiza. Hufikishwa huko na uchovu, ukimya, na wema wa mtu mwingine.

Mfano wa zamani zaidi unaonyesha kwamba ugomvi huu haukuanza na enzi hii. Mwaka 1990 Star Trek: The Next Generation ilimaliza msimu wake wa tatu na kuanza wa nne kwa hadithi ya vita iliyowatia watazamaji kiwewe: nahodha Jean-Luc Picard alitekwa na Borg, maadui walio nusu viumbe hai nusu mashine, akageuzwa kuwa chombo chao, na maarifa yake yakatumika kuwaua watu wake. Aliokolewa tarehe 24 Septemba. Wiki iliyofuata, tarehe 1 Oktoba, ikaja “Family”, iliyoandikwa na Ronald D. Moore, ambamo Picard anakwenda kijijini kwao Ufaransa kukaa na kaka yake anayelima mizabibu. Kati ya sehemu 178 za tamthilia hiyo, ni hii peke yake isiyo na hata onyesho moja ndani ya chumba cha kuongozea chombo cha anga. Hakuna sayari, hakuna adui. Ndugu wawili wa makamo wanapigana ngumi matopeni, wanacheka, kisha nahodha anaanza kulia na kukiri kwamba alijaribu kuwazuia na hakuwa na nguvu ya kutosha. Inafaa kukumbuka kwamba vipindi vya aina ile viliuzwa kwa vituo mbalimbali na mara nyingi vilitengenezwa ili kila kimoja kisimame peke yake, na kwa hiyo shujaa alitarajiwa kuamka wiki inayofuata akiwa mzima, kana kwamba hakuna lililompata. “Family” ilikataa hilo. Wapo waliouliza wakati ule iko wapi tamthilia ya anga za mbali waliyoizoea, na ninawaelewa, lakini bila machozi yale utekaji wa Picard ungebaki kuwa kisa cha kusisimua cha wiki mbili.

Kuna hali nyingine ambazo nazitaja kwa kifupi. Sehemu ya pili ya msimu wa nane wa Game of Thrones, iliyorushwa tarehe 21 Aprili 2019, ilitumia muda wake wote kuwaonyesha watu wakiingoja vita usiku, wakinywa, wakiimba, na mpiganaji wa kike Brienne akipewa hadhi ya knight, yaani shujaa aliyeapishwa, aliyoistahili siku zote. Mimi naipenda mno. Hata hivyo msimu ulikuwa na sehemu 6 tu, na aliyenung’unika kwamba theluthi moja ya msimu ingekwisha kabla ya upanga kuchomolewa alikuwa anafanya hesabu sahihi, na haraka iliyoonekana katika sehemu za mwisho ilimpa sababu zaidi. Nayo sehemu ya tatu ya The Last of Us, ya tarehe 29 Januari 2023, iliyoiacha safari kuu ili kusimulia miaka mingi ya wanaume wawili wanaopendana ndani ya mji uliozungushiwa uzio, ilipata sifa kubwa sana na pia mvua ya alama za chini kabisa. Katika mvua ile kulikuwa na watu waliochoshwa kwa kweli na mchepuko wa hadithi, na kulikuwa na wengine waliolalamikia mwendo ilhali walichokikataa ni mada. Anayekataa mada ana uhuru wa kusema hivyo. Akiliita tatizo la mwendo, anawaharibia wale wenye hoja halisi juu ya mwendo, kwa kuwa hakuna tena anayewasikiliza.

Rafiki yangu mmoja, ambaye tumebishana juu ya “Fly” mara nyingi na ambaye ninaheshimu macho yake, bado hajashawishika. Anakubali yote niliyoyaeleza kuhusu Jane na kuhusu “Ozymandias”. Anachosema ni kwamba mazungumzo ya ngazini yangeweza kuchukua dakika kumi katika sehemu ya kawaida, na zile nyingine zikatumika kuisogeza hadithi mbele. Ni pingamizi bora kuliko yote niliyowahi kuyasikia, na limenilazimisha kuitazama upya sehemu hiyo nikiwa na saa mkononi.

Jibu langu kwake ni kwamba Walter wa dakika ya kumi hasemi. Walter wa dakika ya kumi ni mtu mwenye kiburi aliyesimama wima, anayetoa maagizo na kumkaripia Jesse kwa kuleta uchafu maabara. Ili aufikie ukingo wa kuungama, ilibidi kwanza ashindwe na mdudu mbele ya kijana aliyezoea kumdharau, aanguke na kuumia, alale macho wazi, afungiwe pamoja na mtu anayemjali, na hatimaye anyweshwe dawa bila kujua. Kila hatua inamvua tabaka moja, na kila moja imepewa muda wake kwenye skrini. Naye mtazamaji anachoshwa pamoja naye. Uchovu ule ambao rafiki yangu anaulalamikia ndio ule ule unaomlegeza Walter, na sidhani waandishi walikuwa na njia nyingine ya kuutuingiza. Kisha asubuhi inafika, wanatoka nje ya kiwanda, na Walter anamwonya Jesse kwamba kama yeye ndiye anayedokoa bidhaa na wakubwa wakaja kugundua, hataweza kumlinda. Jesse, ambaye kwa kweli amekuwa akidokoa, anakana. Walter, ambaye usiku huo ameficha jambo kubwa mno kuliko hilo, hamshinikizi.